Kinga ya saratani kituoni: maneno kwa mnaoanza kazi Pemba

Ndugu zangu mliopangiwa vituo vya afya vya Pemba, nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kisiwani hapa kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo jambo lililonisumbua zaidi si ugonjwa niliokosa kuutambua, bali mwanamke ambaye ugonjwa wake niliutambua mapema, kisha nikamwacha aondoke na karatasi mkononi. Nilimpima shingo ya kizazi kwa siki, nikaona eneo jeupe lenye mipaka dhahiri, dalili ya mabadiliko yanayoweza kugeuka saratani, nikamwandikia rufaa ya hospitali na kumsihi asichelewe. Alirudi baada ya karibu miaka miwili akiwa anatoka damu. Nauli haikuwepo, mume alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, na kwa kuwa hakuwa na maumivu yoyote, kila mtu nyumbani aliona jambo lile lingeweza kusubiri. Mimi nami sikuwa nimemtafuta.

Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, yaani HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Kwa mwanamke mwenye kinga imara ya mwili, tangu maambukizi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano anayeishi na VVU bila ya matibabu, muda huo huweza kushuka hadi miaka 5 au 10. Kazi yetu yote imo ndani ya muda huo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo matatu ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Wakaguzi watakapokuja watawauliza zaidi juu ya idadi ya waliochanjwa na waliopimwa, kwa sababu hizo ni hesabu rahisi kuandikwa. Lengo la tatu ndilo linaloamua kama hayo mawili yalikuwa na faida.

Kipimo chenyewe cha siki hakina ugumu, ila kinataka uaminifu. Soma chupa uhakikishe kwamba asidi ya asetiki ni asilimia 3 hadi 5, maana siki ya dukani haina nguvu sawa kila mara. Ukishapaka, subiri dakika moja kamili kwa saa, si kwa kukisia, kwa sababu weupe huja polepole na mwenye haraka huandika kwamba hakuna kitu. Hakikisha unauona mpaka wote wa aina mbili za ngozi za shingo ya kizazi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi mpaka huo mara nyingi huwa umeingia ndani, na kumwambia yuko salama wakati hukuuona ni kumpa ahadi usiyoweza kuitimiza. Anayefaa kwa tiba mgando au tiba ya joto, yaani kuiua sehemu ile kwa baridi kali au kwa joto, atibiwe siku ile ile ikiwezekana. Ikiwa kituo chako hakina mashine, basi kabla hujampima mwanamke wa kwanza ujue iko wapi, nani anaiendesha, na siku gani yupo.

Siku ya kupima nayo ina elimu yake. Wengi wa kina mama wa vijiji vya pwani hulima mwani, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wote wako shambani baharini. Ukipanga kliniki siku hizo utakaa peke yako, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba jamii haina mwamko. Panga wakati wa maji mafu, yanapokupwa kidogo. Msimu wa karafuu uliza kwanza ni siku gani watu hawachumi. Nilijifunza haya kutoka kwa mama mmoja aliyeniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tunakuja, lakini nyinyi mnatuita wakati bahari inatuita."

Sasa nije kwenye kichocho, ambacho wageni wengi hawakihesabu kuwa ni habari ya saratani. Pemba na Unguja zina kichocho cha mkojo, kinachoenezwa na konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuukera kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeyaweka maambukizi haya katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ugawaji wa prazikwanteli skulini na katika shehia umepunguza sana maambukizi, hivyo dawa ile unayompa mtoto pamoja na chakula, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, ni kinga ya kibofu chake atakapokuwa mtu mzima. Kumbuka kwamba inaua minyoo iliyokomaa na si michanga, kwa hiyo anayeendelea kuingia kijitoni au bondeni atahitaji tena.

Hatari iko kwa mtu mzima. Mwanamume wa miaka hamsini anakuja anakojoa damu, na kwa kuwa hapa kila mtu amewahi kusikia kichocho, anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Mpe dawa, lakini mwambie arudi, upime mkojo wake tena, na damu ikiwa bado ipo umpeleke hospitali akapigwe ultrasaundi ya kibofu. Neno "ni kichocho tu" lisitoke kinywani mwako kwa mtu wa umri huo.

Kwa wanawake, mayai hayo hayo hufika kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaacha vidoa vya manjano kama chembe za mchanga na ngozi inayotoka damu ikiguswa. Asiyevijua huweza kudhani ni saratani na kumtisha mtu bure, au hudhani ni ugonjwa wa zinaa na kulitamka hilo mbele ya mume. Nimeona nyumba ikivunjika kwa utambuzi wa namna hiyo. Muulize alikokuwa akifulia na kuoga utotoni kabla hujaandika chochote.

Kuhusu chanjo ya HPV, Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi akiuliza, "Kwani mwanangu ana tabia gani?", usikasirike, maana ni swali la mtu anayelinda heshima ya mtoto wake. Mimi hujibu kwamba mtoto wake alichanjwa homa ya ini aina ya B akiwa na wiki 6, 10 na 14, nayo huambukizwa kwa damu na pia kwa kujamiiana, wala hakuna aliyeuliza tabia ya mtoto mchanga. Chanjo ile humkinga na saratani ya ini kama hii inavyomkinga na saratani ya shingo ya kizazi. Nenda pia kwa walimu wa madrasa na kwa sheha kabla ya siku ya chanjo, si baada ya uvumi kuenea.

Mdomo nao usisahauliwe. Wazee wetu wanakula tambuu, na popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, imethibitika kusababisha saratani ya kinywa. Uraibu, yaani hiyo tambuu na viungo vyake, ni heshima ya mgeni, hivyo usiingie kwa kukemea. Omba ruhusa, washa tochi, tazama chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Doa jeupe au jekundu lisiloondoka, kidonda cha zaidi ya wiki tatu, au mdomo ulioanza kukataa kufunguka vinatosha kuandika rufaa. Uvimbe wa titi vilevile usingojwe hadi uanze kuleta maumivu.

Kila rufaa iandikwe kwenye daftari lake, na kila mwisho wa mwezi likae mbele yako. Muulize mwanamke mwenyewe umpigie nani, kwa sababu simu mara nyingi ni ya nyumba nzima na habari zake ni zake. Muulize nauli, nani atabaki na watoto, na ikiwa ni safari ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, nani atamsindikiza na watafikia kwa nani. Asipoonekana baada ya wiki mbili, mtume mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yake, au nenda mwenyewe alasiri, maji yakiwa yamejaa, utamkuta nyumbani.