Nilipita Jozani miaka kenda bila kuingia

Mdau aliyefungua uzi kauliza: mtu akishauona msitu mara moja, nini cha kumrudisha? Na je, matembezi yale humbadilisha kweli, au akitoka getini ameshasahau? Najibu kwa yaliyonifika mwenyewe.

Ukweni kwangu ni Jambiani. Miaka kenda nilikuwa napita msitu wa Jozani, hapa Unguja, na gari mbio, nikiyalaani yale matuta ya barabarani. Sikujua yamewekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua kima punju, mnyama ambaye kwao asili ni Unguja tu, dunia nzima. Siku moja mwanangu wa darasa la nne aliniganda tuingie. Tukaingia.

Msitu ni mzuri, lakini kilichonirudisha si miti. Ukingoni, upande wa mashamba, kima jike aliteremka na mtoto kifuani, akaokota kipande cha kaa pale palipochomwa makaa. Akakaa kama hatua tano kutoka tulipo, akakitafuna. Dole gumba kama hana. Alikibana kwa vile vidole vinne virefu, mdomo umejaa weusi. Muongozaji wetu, kijana wa vijiji vya hapo hapo, akatueleza kwa sauti ya chini: majani ya mikungu na miembe wanayokula yana sumu, na makaa huinyonya.

Mwanangu akanigeukia. "Baba, na makaa yetu ya nyumbani yanatoka msitu gani?"

Sikuwa na la kumjibu. Mwezi ule ule tukanunua mtungi wa gesi. Makaa hatujaacha kabisa, siku ya mishkaki bado tunawasha, lakini lile gunia la kila mwezi halipo tena.

Vibao vya "usitupe taka" nimevisoma tangu skuli na havikunifanya lolote. Na si kila matembezi yanafaa. Sehemu nyingine, sitaitaja, muongozaji aliwarushia kima ndizi ili tupate picha. Picha ninazo, na sijarudi.

Jozani nimeshakwenda mara sita, na kila mgeni wa bara anayefikia kwangu nampeleka. Kiingilio natoa kwa moyo mkunjufu, maana sehemu yake inarudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, na hao ndio kima wanaowalia mazao. Mkwe wangu ni mkulima, hasara hiyo anaijua.

Sasa nikikaribia matuta napunguza mwendo mapema. Watoto wanafungua vioo, wanatazama juu.