Mzunguko wa siku 35, siku ya 14, na mume aliyeko kambini

Dada uliyeuliza jana, umesema una miaka 27, mzunguko wako unacheza kati ya siku 33 na 36, na kwa miezi tisa sasa mnatafuta mimba kwa kukutana na mume siku ya 14 kama mlivyofundishwa, lakini hedhi inakuja tu. Umeuliza kama kizazi chako kina tatizo. Nimekusoma nikajiona mimi wa miaka sita iliyopita, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai likishapevuka na kutoka, hedhi hufuata baada ya siku 12 hadi 16 hivi. Kipande hicho cha mwisho hakibadiliki sana. Kinachorefuka kwa sisi wenye mizunguko mirefu ni kile cha mwanzo, kabla yai halijapevuka. Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma: 35 toa 14, unapata siku ya 21. Mnakutana wiki nzima mapema, dada yangu. Na siku ya kwanza ni ile damu inapoanza, si inapokata. Wanawake wengi ninaouza nao dagaa pale sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, huanza kuhesabu damu ikishakata, na hapo hesabu yote inaharibika.

Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume ndizo zenye subira, zinaweza kukaa ndani hadi siku tano zikikuta ute mzuri, yaani majimaji ya ukeni. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni sita: tano kabla ya yai kutoka na ile ya kutoka, na zilizo bora ni mbili tatu za mwisho. Usingoje mpaka uhakikishe yai limetoka, utachelewa.

Sasa yaliyonikuta. Mume wangu anavua dagaa, kambi yao iko visiwani upande wa Ukerewe, Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikichanua taa hazivuti, wavuvi wanarudi nyumbani kwa wiki hivi. Kwa hiyo yeye alikuwa anarudi kwa kalenda ya mwezi wa angani, ambao huzunguka siku 29 na nusu, na mimi mwili wangu unazunguka siku 35. Kila mzunguko tulisogeleana au tukaachana kwa siku tano na ushee. Kuna miezi alikuwa anashuka melini nami ndiyo kwanza nimeanza hedhi.

Mwezi mmoja nikamwita katikati ya giza, wakati wenzake wanapata. Akaacha mapato ya usiku kadhaa, akapanda meli bandarini Nansio kule Ukerewe, akafika siku yangu ya 12. Siku ya 15 alfajiri akarudi kambini. Yai langu nadhani lilitoka siku ya 21 au karibu na hapo. Hedhi ilipokuja hakunilaumu, ila ile nauli na zile usiku zilizopotea ziliniuma kuliko maneno. Mama mkwe naye akaniletea dawa ya kusafisha kizazi, nikanywa chupa tatu, nikaambulia tumbo la kuhara. Aliyenisaidia ni muuguzi wa zahanati ya jirani: aligeuza kadi yangu, akachora mstari nyuma yake, akaandika 35 mwishoni na kunihesabia kurudi nyuma kwa ncha ya kalamu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia ute, na hapa nakuomba uweke akili yote. Baada ya hedhi mara nyingi unakuwa mkavu. Kisha unaanza ute mzito mweupe, kama losheni. Halafu siku chache unakuwa mwingi, wa maji maji, unateleza. Ukiuchukua kati ya kidole gumba na cha shahada ukavitenganisha taratibu, unavutika bila kukatika, mwangavu kama ute wa yai bichi la kuku. Hizo ndizo siku zako. Ukirudi kuwa mzito au ukakauka ghafla, yai limeshapita au linapita. Nilikuwa naandika kila jioni kwenye daftari la shule: K kwa mkavu, Z kwa mzito, V kwa unaovutika. Kufikia mwezi wa tatu wa kuandika, V zikawa zinaangukia siku ya 17 hadi 21. Usiangalie mara tu baada ya tendo, shahawa zitakudanganya. Na ute wenye harufu, muwasho au rangi ya kijani si wa uzazi, hayo ni maambukizi, nenda ukatibiwe. Acha pia kujisafisha ndani kwa sabuni au dawa.

Kipimajoto nilikiacha. Joto la mwili hupanda kidogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi hivi, baada ya yai kutoka, ila lazima upime saa ile ile kabla ya kushuka kitandani, na mimi siku za soko naamka saa kumi alfajiri, siku nyingine saa kumi na mbili. Malaria ikipita ndiyo kabisa. Vipimo vya mkojo vya famasi, vile vya kuonyesha yai linakaribia kutoka, vinafaa zaidi: kwa mzunguko wako anza siku ya 16 au 17, na mstari wa kipimo ukikolea kama ule wa pembeni, yai hutoka ndani ya siku moja au moja na nusu.

Tukaweka kalenda ya ukutani mezani. Mume wangu akachora duara usiku wa mwezi mpevu, mimi nikapiga mstari siku zangu sita. Miezi miwili mbele duara na mistari vikakutana. Mara ya kwanza hatukupata, na hilo ni kawaida: hata vijana wenye afya, kila mzunguko nafasi ni kama moja kati ya nne au tano. Mara ya pili nikashika mimba. Binti yetu ana miaka minne sasa.

Kwa wewe, mwaka ukitimia bila mimba, nendeni hospitali wote wawili. Aliyefikisha miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Na hedhi ikianza kuruka au kuuma kupita kiasi, usisubiri tarehe yoyote. Mume naye apimwe mbegu mapema. Ni kipimo rahisi kuliko vipimo vyako vya mirija, na tatizo mara nyingi huwa upande wake au kwenu nyote.

Hedhi yako ijayo ikianza, niandikie tarehe na uniambie mume anakuwa nyumbani lini. Tutahesabu pamoja.