Uliza Bwana Mifugo: Nani anamaliza njiwa wangu?

*Shikamoo mzee. Mimi ni mfugaji wa njiwa hapa Bugarika, Mwanza, juu kabisa kwenye mawe. Nilianza na jozi mbili mwaka 2021, wakazaana mpaka wakafika 34. Tangu mwezi wa sita nimebaki na 21. Mwewe wananimaliza. Wengine wanachukuliwa mchana kweupe juu ya bati, watoto wakitazama. Asubuhi mbili tofauti nimefungua banda nikakuta maiti ndani, wawili hawana vichwa, manyoya kila mahali. Jirani yangu ananishauri nichukue njiwa mmoja aliyezeeka, nimpake dawa ya pamba, nimwache juu ya bati mwewe amle afe naye. Mwingine anasema manati tu inatosha. Nisaidie kabla hawajaisha.*
*Mfugaji, Bugarika*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Ninafuga njiwa hapa Nyegezi tangu nilipostaafu, kwa hiyo najua unavyojisikia mtu ukihesabu jioni, ukarudia kuhesabu, na idadi ikagoma kutimia.

Nianze na dawa ya pamba, maana hilo halina subira. Usithubutu. Nikiwa bado kazini upande wa Misungwi niliitwa kwenye mji mmoja ambako mzee mwenye mji alikuwa amechoka kuliwa vifaranga. Alipaka dawa hiyo kwenye utumbo wa mbuzi akauweka juu ya kichuguu. Nilipofika, chini ya mwembe walikuwa wamelala mbwa wawili, povu limekaukia midomoni, na kuku wanane. Mwewe alikuwa mmoja tu, tena bado anahema. Nilimshika mguu. Kucha zake zilikuwa zimekunjika ndani kama ngumi, nikajaribu kuzinyoosha kidole kimoja kimoja, nikiachia tu zinarudi. Alikufa mkononi mwangu. Hatua chache pale, mjukuu wa miaka mitatu hivi alikuwa amekaa mchangani anachezea manyoya ya kuku. Tulimnawisha kwa sabuni mara nne, tukamvua nguo zote, tukamkimbiza zahanati. Alipona, lakini mimi usiku ule sikulala. Sumu ukishaiweka juu ya bati huna uwezo wa kuichagulia mlaji. Wewe uko mlimani, mvua ikinyesha maji ya bati lako yanaingia ndoo ya nani?

Na sheria pia ipo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuua wala kukamata mnyama pori bila kibali, na ndege wa porini wamo, hata akiwa amekaa juu ya nyumba yako. Kama hali imekushinda kabisa, nenda halmashauri umwone afisa wanyamapori.

Sasa turudi kwenye barua yako, kwa sababu umeandika jambo kubwa ukalipita haraka. Hao uliowakuta wamekufa ndani ya banda asubuhi hawakuuawa na mwewe. Mwewe akishaona giza analala kama kuku. Kwa hiyo una wezi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na ulichokuwa unataka kufanya ni kumhukumu wa kwanza kwa makosa ya wote wawili.

Wa usiku utamjua kwa manyoya. Okota unyoya mrefu wa bawa pale bandani, utazame shina lake. Ndege mwindaji hunyonyoa: anabana unyoya kwa mdomo na kuuvuta, unatoka mzima mpaka ncha yake. Mnyama hutafuna: utakuta shina limekatika, limemung'unywa, pengine manyoya kadhaa yameshikana kwa mate. Ukikuta hivyo, na vichwa havipo, mtafute kanu, yule mnyama wa porini anayefanana na paka, au paka shume. Kwenye mawe ya Bugarika kanu wana mapango ya kutosha. Kanu ana kiwiliwili chembamba, na nafasi inayopitisha kichwa chake inapitisha mwili mzima. Zunguka banda saa sita mchana mlango ukiwa umefungwa nawe uko ndani. Kila unapoona mwanga unaingia upana wa ngumi ya mtoto, hapo ndipo anapopita. Ziba kwa waya wenye matundu madogo, ya nusu inchi, siyo waya wa kuku wa kawaida ambao ukivutwa unalegea. Banda liwe juu ya nguzo, na kila nguzo uivishe kipande cha bati laini kilichozungushwa, futi mbili kwenda juu, ili kucha zikose pa kushika. Kazi ya siku moja hiyo, na nusu ya msiba wako itakuwa imekwisha.

Wa mchana anahitaji maelezo zaidi. Sisi huku kila mwenye kucha tunamwita mwewe, na hapo ndipo tunapopotea. Mwewe mwenyewe ni yule wa soko la samaki la Mwaloni na wa majalala: mdomo wa njano, mkia wenye panda, anaelea juu huku akiupinda mkia huo kushoto na kulia kama nahodha anayeshika usukani. Huyu ni mwokotaji. Atachukua kifaranga, kinda lililoanguka, njiwa mgonjwa aliyejikunyata, na utumbo wa sangara kabla ya vyote hivyo. Njiwa mzima mwenye afya anayeruka ni nadra sana mwewe kumpata.

Anayempata ni kipanga au kozi. Kipanga ana mabawa mafupi na mkia mrefu. Haonekani angani, hujibanza ndani ya mti na kutoka kwa ghafla, chini chini, akipita kati ya nyumba. Kozi ana mabawa marefu yaliyochongoka na hutokea juu kabisa. Wa aina yetu mmoja ana utosi wa rangi ya kutu na mstari mweusi unaoshuka chini ya jicho kama chozi, na hupenda kutaga kwenye majabali. Aina nyingine ndiyo yenye mbio kuliko ndege wote duniani. Akijirusha kutoka juu anapita kilomita 300 kwa saa.

Mwaka jana Jumapili moja nilimkuta kipanga juu ya jiwe nyuma ya jiko langu, hatua tano kutoka niliposimama. Alikuwa amemkalia jike wangu wa kijivu, kinda la kwanza nililolilea kwa mkono. Alinyonyoa kifua bila haraka, manyoya yakipeperuka kuelekea ziwani, halafu akaniangalia kwa lile jicho lake jekundu, kisha akaendelea. Nilikuwa na jiwe mkononi. Sikurusha, na sisemi kwamba nilikuwa mwema. Jike alikuwa ameshakufa, nami nilitaka kujua ametokea wapi. Alipoondoka aliruka moja kwa moja mpaka kwenye mkaratusi wa jirani. Kumbe kila saa kumi alasiri, nilipokuwa nafungulia njiwa kwa saa ile ile kila siku, alikuwa keshafika anasubiri. Nilikuwa nimempangia ratiba.

Kwa hiyo badilisha saa. Leo fungulia saa tatu asubuhi, kesho saa tisa, siku moja wasitoke kabisa. Wafungulie wakiwa na njaa: mtama uwasubiri ndani, nao wazoee mluzi wako au mlio wa kopo. Njiwa aliyeshiba anazurura kwenye mabati ya watu, mwenye njaa anazunguka mara mbili tatu na kurudi. Wenye makinda na makinda yenyewe uwatenganishe. Kinda hutoka kiotani likiwa na wiki nne hivi, na siku zake za kwanza za kuruka ndizo zinazomnenepesha kipanga. Hao wajengee uwanja wa wavu ulioungana na banda, waote jua humo.

Wavu hauna haja ya kuununua dukani. Tuko kando ya ziwa. Kwenye mialo utapata nyavu za nailoni zilizochoka kwa uvuvi lakini zinazofaa sana kwa kazi hii. Zitandaze juu na ubavuni, zivutwe zikaze, kwa sababu wavu uliolegea unanasa ndege, wako na wa porini. Kipanga mdogo anaweza kupenya tundu kubwa, kwa hiyo pale chini tumia wavu wenye jicho la inchi moja.

Vitu vya kung'aa, santuri za zamani, bundi wa plastiki, vyote nimejaribu. Vinasaidia siku chache, halafu kipanga anakuja kukaa juu yake. Ukivitumia, vihamishe kila siku mbili.

Kuhusu manati na bunduki nikusimulie walikopita wengine. Uingereza, mwaka 1940, wakati wa vita, serikali iliamuru kozi wapigwe risasi kwenye pwani ili wasiue njiwa wa kupeleka ujumbe wa kijeshi. Waliuawa kama 600. Vita ikaisha, na mwaka 1960 wafuga njiwa wa mashindano wakalalamika kwamba kozi wamezidi, waruhusiwe kuwapunguza. Mtaalamu mmoja, Derek Ratcliffe, akaongoza kazi ya kuwahesabu mwaka 1961 na 1962. Badala ya kukuta wamezidi, akakuta majabali mengi matupu na mayai yamevunjika viotani. Mwaka 1967 alionyesha kwamba maganda ya mayai yalikuwa yamekuwa membamba, na DDT, dawa ya kuulia wadudu, ndiyo ikabainika kuwa chanzo. Njiwa walikuwa wakila nafaka na mbegu zilizotiwa dawa za shambani, kozi akawala njiwa. Mimi hadithi hii huwa naisikia kama mfugaji: sumu ile ilipita kwanza kwenye gole la njiwa, ule mfuko wa chakula wa shingoni. Na wako wanatua kwenye mashamba ya nani?

La mwisho kwako. Njiwa akiponyoka na jeraha, mfunge kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, uoshe kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ng'oa manyoya yaliyozama ndani. Mpe maji anywe kidogo. Maji yakivuja kifuani, gole limetoboka, na hapo mkimbize kwa daktari wa mifugo ashonwe siku hiyo hiyo. Nimeona walioshonwa wakaatamia tena.

*Mzee, mwewe wa hapa Kirumba wamekuwa na dharau. Wiki iliyopita mmoja alishuka akamnyang'anya mwanangu kipande cha samaki mkononi, akamkwaruza. Serikali si iwaue tu?*
*Mama wa watoto wanne, Kirumba*

Pole mama, na pole kwa mtoto. Kidonda cha kucha kioshwe kwa sabuni na maji mengi, na kama chanjo yake ya pepopunda imepitwa na wakati mpeleke kituo cha afya, maana kucha zile zilikuwa jalalani nusu saa kabla. Mwewe hakumtaka mtoto, alitaka samaki. Wanazoea kwa sababu tunawalisha: anayeparua samaki anarusha utumbo nyuma, wanashuka ishirini, wanajifunza kwamba mkono wa binadamu ni sahani. Ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya utumbo, na watoto wale chini ya paa. Nikiwaondoa mwewe wote Mwaloni leo, sijui nani atakayekuokotea panya waliokufa na samaki wanaooza kabla ya inzi.

*Bwana Mifugo, kuna bundi wanakaa kwenye dari ya stoo yangu, weupe usoni kama sahani. Njiwa wangu wanne wamepotea usiku. Mama mkwe anasema ni wa kichawi, tuchome moto ile dari. Nifanyeje?*
*Msomaji, Kisesa*

Ndugu yangu, mheshimu mama mkwe, lakini kiberiti kiweke mbali na stoo. Huyo mwenye uso kama sahani chakula chake kikubwa ni panya, na stoo yako bila shaka ina mahindi. Ninakuomba usiniamini kwa maneno, uhakikishe mwenyewe. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika tonge jeusi lenye ukubwa wa kidole gumba, likiwa na nywele na mifupa. Matonge hayo yako chini ya pale wanapokaa. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mikononi, jifunge kitambaa puani, loweka matonge matano kwenye maji na uyachambue kwa njiti mbele ya mama mkwe. Utakuta mafuvu madogo yenye meno mawili ya njano mbele. Mimi niliwahi kuhesabu mafuvu manne ndani ya tonge moja.

Wakati huo huo kagua banda kama nilivyomweleza mwenzako wa Bugarika, na mlango ufungwe kabla ya magharibi. Ukikuta mifupa ya njiwa ndani ya matonge hayo, niandikie tena.