Asaimenti yangu ilikuwa inaipima stesheni

Jumatatu mwanafunzi wangu wa zamani kanitumia ujumbe. Kapata kazi ya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Mwalimu, kwenye usaili nimeulizwa ile kazi ya mama ntilie." Nimeusoma mara tatu, kisha nikamsomea mke wangu. Mnivumilie nijisifu kidogo, maana kabla ya hapo niliaibika sana.

Nafundisha utunzaji wa hesabu ngazi ya diploma. Mtaala, tena sehemu niliyoiandika mimi, unasema mwisho wa kozi mwanafunzi aweze kuandaa hesabu za biashara ndogo. Asaimenti niliyotoa miaka sita mfululizo: "Eleza umuhimu wa kutunza kumbukumbu za fedha, kurasa 5." Kuandaa na kueleza! Sikuona kitu. Mwaka mmoja nikasahihisha kazi 58, na 31 kati yake ziliandika "prophet" (nabii) palipotakiwa "profit" (faida), zote ukurasa wa pili. Desa, yaani jibu la kunakili, limetoka stesheni ya nje ya geti, kile kiduka cha fotokopi. Nikawapa alama, nikaenda kula.

Kisha msimamizi mmoja wa fildi akanipigia. Kijana wangu kapewa boksi la risiti, kashindwa pa kuanzia. Kwangu ana A. "Hivi hawa mnawafundisha nini?" Sauti ile bado naisikia.

Ndipo nikasoma hoja ya John Biggs, mtaalamu wa ufundishaji wa vyuo vikuu, ya mwaka 1996: matokeo unayoyataka, shughuli za darasani na upimaji vivute upande mmoja. Nikafuta swali langu. Kila mwanafunzi atafute biashara ndogo, aandike mauzo, manunuzi na madeni kwa wiki mbili, aandae hesabu. Vigezo vya alama nikawapa siku hiyohiyo.

Mara ya kwanza walinipikia takwimu. Kuna mama ntilie aliuza sahani 40 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Muhula uliofuata nikadai picha ya daftari kila jioni, na kila mmoja akae mbele yangu dakika 5 anieleze namba zake. Kwa watu 58 hiyo ni karibu saa tano, msidhani ni mteremko. Lakini binti mmoja akagundua hela ya mama ntilie wake inapotelea kwenye sahani za mkopo za bodaboda. Mama akaanza kuandika majina ya wadaiwa. Huyo binti sikuhitaji kumuuliza umuhimu wa kumbukumbu.

Sasa ninyi wenzangu mnaolia kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wavivu, mmesoma vitenzi vya mitaala yenu? Kikisema kuandaa, waandae. Kikisema kuchambua, wachambue, wasiorodheshe. Ukimaliza kutunga swali, rudi ukisome kitenzi tena. Mwanafunzi anayeweza kununua jibu lako kwa shilingi 500 hana kosa kubwa kuliko wewe uliyeuliza swali linalouzwa. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza.

Kwenye kikao cha idara mwenzangu mmoja alinicheka, akasema chuo si soko. Wiki iliyopita kaniomba nakala ya kazi yangu. Nimemtumia. Vigezo vya alama sijamtumia, aje aombe mwenyewe.