Bogi: zimwi lililopewa ukanali

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye gofu kuzidisha pigo moja juu ya paa, yaani idadi ya mapigo iliyopangiwa shimo, kunaitwa bogi, na kama ni kweli neno hilo maana yake ni kuboronga. Nilibeba mifuko ya gofu Arusha miaka sita kabla sijaanza kucheza mwenyewe, na naona hilo neno tunalionea.

Matumizi ya leo ni mepesi. Shimo la paa 4 ukilimaliza kwa 5, ni bogi. Ukilimaliza kwa 6 ni dabo bogi, shimo lile lile moja, wala si bogi mbili za mashimo mawili kama wageni wanavyodhani. Kwenye kadi ya kuandikia mapigo wengi huzungushia bogi kiboksi, na badi, yaani pungufu ya paa kwa moja, huzungushiwa duara.

Asili yake ndiyo tamu. Kwa Waingereza, Bogey lilikuwa dubwana la kutishia watoto, kama sisi tulivyotishwa na zimwi. Mwaka 1890, Hugh Rotherham wa klabu ya Coventry alipendekeza kila shimo liwekewe idadi ya mapigo ambayo mchezaji mzuri angetumia bila kukosea, ili mtu ashindane na hesabu hiyo. Dk. Thomas Browne, katibu wa klabu ya Great Yarmouth, akaipeleka kwao. Wakati huo kulikuwa na wimbo unaovuma kwenye kumbi za muziki kuhusu zimwi Bogey linalonyemelea watu. Meja Charles Wellman alipobanwa na ile hesabu, akamwambia Browne kwamba huyo mchezaji wake ni Bogey hasa. Jina likanata.

Mwaka 1892 likafika Gosport, kwenye klabu ya maofisa wa jeshi ambako kila mwanachama alikuwa na cheo. Mchezaji asiyekosea hata siku moja angekaaje bila cheo? Wakampa ukanali. Akawa Kanali Bogey, na watu wakawa wanatoka uwanjani wakisema leo Kanali kanifunga.

Kwa hiyo, mkuu, bogi ilianza kama shabaha yenyewe. Paa ni neno la soko la hisa, lenye maana ya thamani halali ya kitu, na Wamarekani ndio walioliwekea vipimo vikali: mwaka 1911 chama chao cha gofu kilipanga shimo la hadi yadi 225 liwe paa 3, na kutoka hapo hadi yadi 425 liwe paa 4. Mpira nao ulishabadilika, maana ule wa Haskell uliofungwa nyuzi za mpira ndani ulikwenda mbali kuliko wa zamani. Paa ikashuka kufuata wachezaji wakali, Kanali akabaki na hesabu yake ya zamani, na kwenye mashimo mengi akajikuta yuko nyuma kwa pigo moja.

Kuna mzee niliyembebea mara nyingi, hendikepu yake, yaani mapigo anayopunguziwa kwenye jumla yake, 18. Siku moja shimo la mwisho, paa 4, mpira ukalala kwenye nyasi ndefu na mbele kuna maji. Mimi tayari nilishashika fimbo ndefu. Akanyoosha mkono, “Kijana, lete ile fupi, namba tisa.” Akautoa pembeni taratibu, akavuka maji kwa pigo la tatu, akaputi, yaani akausukumia shimoni, kwa mapigo mawili. Akaandika 5 bila kiboksi. Nikamwambia, “Mzee, umesahau kiboksi.” Akasema, “Hiyo ni paa yangu.”

Nilikwenda kupiga hesabu nikaona yuko sahihi. Uwanja wa paa 72, ukipiga bogi mashimo yote 18 unapata 90. Toa hendikepu 18, unabaki na 72 kamili.

Kwenye kadi yako tafuta safu inayopanga mashimo kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 18. Kama hendikepu yako ya uwanja huo ni 10, mashimo yenye namba 1 hadi 10 una pigo moja la nyongeza, na bogi hapo haikudai kitu. Kwenye yale manane yaliyobaki ndipo Kanali anakudai.