Nilichora uchovu wa mtandao, mtandao ukanichosha zaidi

Kuna picha niliichora usiku mmoja usingizi ulipogoma. Mtu kakaa kitandani gizani, mwanga wa simu umempiga usoni, alafu kidole gumba chake nimekirefusha kama mzizi, kimepita chini ya kitanda kikapanda ukutani kikatokea dirishani. Nilikua najichora mwenyewe, sifichi. Asubuhi nikaiposti na maneno mawili tu, nimechoka jamani.

Ikalipuka. Mi ambaye siku ikiwa nzuri napata laiki 200, hii ilipita 10,000 kabla jua halijazama, watu wananiandikia umenichora mimi, hicho kidole ni changu kabisa. Na unajua mi mwenyewe nilikua nafanya nini muda huo? Nimelala kifudifudi navuta skrini chini kila dakika nione namba imefika wapi. Yani yule wa kwenye picha alikua na afadhali.

Siku hiyo sikuliona hilo, nililiona miezi minne baadae nikiwa nimeshachora picha 17 za aina ile ile manake ndo zilikua zinapendwa, na kila moja inapata kidogo kuliko iliyotangulia, nikafika hatua naamka nikiwa sawa tu, nimelala vizuri, alafu nakaa kwenye tableti kutafuta huzuni ya kuchora. Hapo ndo nilishtuka. Huzuni ilikua imegeuka ratiba ya kazi.

Zamani mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwafanyia majaribio njiwa, wanadonoa kitufe chakula kinatoka, na ikaonekana chakula kikitoka bila mpangilio njiwa anadonoa bila kuchoka, hata ukikisimamisha anachukua muda mrefu kukata tamaa. Sasa wewe posti picha uone. Leo 900, kesho 40, na hakuna wa kukwambia kwanini. Tangu Instagram ilipoacha kupanga posti kwa muda mwaka 2016 na kuanza kupanga kwa inachodhani mtu atapenda, hujui kama picha yako ni mbovu au imefichwa tu. Fundi seremala akikaa juu ya kiti chake anajua kinayumba au hakiyumbi. Sisi tunaulizia kwa mashine ambayo haijui kiti ni nini.

Ushauri wa kwanza ambao kila mtu anatoa ni toka mtandaoni, pumzika. Huo mi naudharau kidogo, samahani. Wateja wangu wanatoka huko huko, ukinambia nitoke unanambia nifunge duka. Kuna pia kuficha idadi ya laiki, Instagram wameruhusu tangu 2021, nilijaribu, inasaidia kiasi hasa kwa kuacha kupiga mahesabu ya wenzako, ila za kwako ukizitaka bado unazipata kwa kubonyeza, na mtu mwenye arosto atabonyeza tu.

Kilichonisaidia kweli ni kuchelewesha. Picha ikiisha naiacha wiki mbili nzima ndo naiposti, na naiposti kwa kompyuta, kwenye simu programu nilishaifuta. Inasikika kama kitu kidogo lakini wiki mbili zikipita we unakua umeshazama kwenye picha nyingine, una shida nyingine kabisa, labda mkono umekataa kukaa au rangi ya kivuli inakusumbua, kwa hiyo komenti inakukuta haupo nyumbani. Ikisifiwa unafurahi kama vile kasifiwa mdogo wako. Ikitukanwa hivyo hivyo.

Na matusi yapo. Kwenye ile picha ya kidole alitokea mtu akaandika kwa uhakika kabisa kwamba hii kachora akili mnemba, angalieni kidole gumba kimekosewa. Kimekosewa! Kidole chenye urefu wa chumba! Tangu zile programu za kutengeneza picha zilivyosambaa 2022 hii shutuma imekua kama mafua, kila mchoraji inampitia. Niliumia mpaka nikapoteza siku mbili nikimtumia mtu nisiyemjua leya moja moja, yani zile tabaka za picha, mchoro wa penseli, rangi za mwanzo, na yeye hakujibu. Sasa hivi naachia programu ya kuchorea irekodi mchakato yenyewe, Procreate kwa mfano inafanya hivyo bila hata kuiambia, video moja naibandika juu ya ukurasa, basi. Asiyeamini baada ya hapo si mteja na si rafiki.

Kuhusu mwili sitasema mengi, mkono ukiuma pumzisha. Ila kama usingizi na hamu ya kula vimekuacha wiki na wiki, nenda kaongee na mtaalamu, usifanye kama mimi niliyesubiri niwe nalia kwa sababu brashi ya kwenye tableti haijapakia.

Alafu nina faili naliita Za Ndani. Humo naweka picha ambazo hazitoki, na sheria ni kwamba lazima niamue haitoki kabla sijaanza kuchora, sio baada ya kuona imekua mbaya, manake ukiamua baada ni jalala tu lenye jina zuri. Mwanzoni mkono ulikua mzito, nachora huku nasikia watu wananichungulia begani. Ilichukua kama picha nane hivi ndo wakaondoka. Ya tisa ilikua kiatu. Kiatu tu, cha zamani, kamba zimelegea, nilikaa nacho jioni nzima.

Folowa walipungua, sitawadanganya, na wapo wanaouliza mpaka leo lini narudisha picha za uchovu. Kazi hazikupungua. Nilivyopitia majina ya waliowahi kunilipa nikakuta wengi hata laiki hawajawahi kuweka, walikua wanapita kimya wanaangalia, wanaandika barua pepe.