Je, Uhindu Unakataza Upandikizaji Mimba?

SWALI: Mimi ni muuguzi. Jirani zangu, mume na mke wa dini ya Kihindu, wametafuta mtoto kwa miaka tisa na sasa wanafikiria upandikizaji mimba. Mama mkwe anasema dini yao haikubali mtoto atungwe maabara, lakini kama hapana budi, daktari achague wa kiume. Dini yao inasemaje hasa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, Uhindu hauna mamlaka moja inayowaamulia waumini wote, mtu hupima dharma, yaani wajibu wake katika hali aliyomo, pamoja na ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe. Kuzaa ni wajibu wa heshima, kwa kuwa mtoto huhesabiwa kuwa malipo ya deni la mababu.

Wala mimba ya nje ya tumbo si ngeni kwao. Mahabharata, utenzi mtakatifu wa Kihindu, inasimulia kwamba malkia Gandhari, baada ya kubeba mimba miaka miwili, alitokwa na pande la nyama gumu kama chuma. Mwenye hekima Vyasa alilinyunyizia maji baridi, likagawanyika vipande 101 vyenye ukubwa wa pingili ya kidole gumba, na kila kimoja kikawekwa katika chungu cha samli hadi mtoto akakomaa. Hiyo ni simulizi takatifu, si sayansi, lakini inaonyesha kwamba wazo lenyewe si geni kwa Wahindu. Na Oktoba 1978, daktari Subhash Mukherjee wa Kolkata alifanikisha kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza wa India kwa njia hii, akaitwa Durga, jina la mungu wa kike.

Ugumu ninaouona mimi uko kwenye viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, vinavyosalia bila kupandikizwa. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba, kinasema roho huungana na mbegu za wazazi mimba inapotungwa. Anayeamini hivyo hawezi kuona kutupwa kwa kiinitete kuwa jambo dogo. Jirani zako waulize mapema vitatungwa vingapi, na waombe vitungwe vile tu watakavyokuwa tayari kuvipandikiza.

Kuhusu kuchagua wa kiume, India yenyewe ilipiga marufuku upimaji wa kutambua jinsia ya mimba kwa sheria ya mwaka 1994, na mwaka 2003 ikaongeza katazo la kuichagua kabla mimba haijatungwa. Naye mama mkwe akumbushwe, kwa adabu, kile kipande cha 101: Gandhari, aliyekwisha kuahidiwa wana 100 wa kiume, alitamani moyoni apate na binti, naye Duhsala akazaliwa.